Kadi ya Dabo

Redio ya Reverien ndiyo iliyochokoza. Asubuhi ile, barazani kwa Hilali mjini Kasulu, ilitangaza kwamba mitambo ya analojia inazimwa mkoa baada ya mkoa, na mwenye televisheni ya zamani ajiandae kutazama kioo cheusi.

Reverien, ambaye kijiweni huitwa Bwana Habari kwa kuwa hajawahi kusikia jambo akalala nalo, alishusha kikombe.

"Yewe! Mmesikia? Analojia kwisha!"

"Wewe una televisheni?" akauliza Bi Asmahani, mwenye birika la kahawa na sinia la kashata.

"Oya," akakana kwa Kiha, "sina."

"Sasa wamekuzimia nini? Kunywa kahawa yako."

"Wa kuzimwa yupo," akadakia Sylvesta, akielekeza kidole gumba mlangoni. "Huyu Hilali na kompyuta yake. Serikali isiende mbali, ianzie hapa hapa."

Hilali alicheka kama mtu anayeumwa jino. Yeye ndiye mpiga video za harusi, kijiweni wanamwita Kamera, na Sylvesta, Mwenyekiti kwa jina la kijiweni, ndiye mwenyekiti wa kamati za harusi karibu Kasulu nzima; pilau haliivi mpaka aonje chumvi. Mwezi uliopita alikuwa amemwoza binti yake mwenyewe, Maximilla. Leo jioni ilikuwa kuvunja kamati: wachangaji wote wakutane, wale, wanywe, watazame video. Na video hiyo kila ikifika pale baba mzazi anapoingia kucheza, inakwama. Sylvesta anabaki mguu juu, mdomo wazi.

"Kama mbuzi aliyemwona chui," Bi Asmahani alisema kwa upole, akimimina.

"Jioni ikikwama tena," Mwenyekiti akafoka, "harusi zote nampa yule kijana wa Kibondo. Zote! Mpaka za wajane!"

"Haitakwama, mzee wangu. Video ni nzima. Picha za siku hizi ni nzito, na kompyuta yangu ya zamani inazibeba yenyewe kichwani bila ngata. Inataka kadi ya grafiki, ya kuisaidia kubeba. Omary ananiletea."

Hakumaliza, pikipiki ya Omary ikaingia na vumbi lake. Omary ni mchuuzi wa vifaa kati ya Kigoma mjini na mpakani. Hakuzima hata injini.

"Kamera, kadi zipo mbili. Chagua moja fasta, nyingine naipeleka kwa mteja Manyovu. Hii kubwa ni dabo. Hii ndogo, singo."

Kubwa ilikuwa na feni mbili, nene kama tofali la kuchoma. Ndogo ilikuwa haina hata feni moja, imekaa kiganjani kwa Omary kama kitumbua.

Mwenyekiti akasimama. Ameshagawa kadi za harusi maisha yake yote, na hapo ndipo aliposikia lugha anayoielewa.

"Dabo! Kadi ya singo tunampa nani, jamani? Tunampa aliyechanga huku ananuna. Mimi baba wa bibi harusi nionyeshwe kwa singo?"

"Ego," akaunga Reverien. "Singo unakula peke yako, sahani moja, ukitoka huruhusiwi kurudi."

"Hii dabo siyo ile," Hilali akasema. "Maana yake inakalia nafasi mbili."

"Si ndiyo hiyo hiyo! Unaingia na mkeo!"

Hilali akaitoa nje ile mashine yake nyembamba, aliyoipata mnadani kambi ya wakimbizi ilipofungwa, akafungua ubavu wake.

"Tazama mwenyewe. Nafasi iliyobaki ni moja. Tena dabo ni ndefu kwenda juu, nikiichomeka bati la ubavu halifungi."

"Wasogee! Harusini benchi la watu sita hatuketishi kumi? Na hili dubwana la pembeni, nene hivi, linafanya nini?"

"Hiyo ni pawa saplai."

"Imechanga?"

"Mwenyekiti, hiyo ndiyo inayowalisha wote humo ndani umeme."

"Ala! Mpishi! Sasa mpishi anakaaje ukumbini? Mtoe, apikie nje!"

"Hapo amesema," Reverien akatikisa kichwa kwa heshima.

Hilali akaona atumie lugha ya kamati. "Sawa, ni mpishi. Lakini ana sufuria moja. Huyu wa dabo anakula kuliko ukumbi mzima, tena anataka apakuliwe pembeni kwa waya wake, na mpishi wangu waya huo hana. Nikimwingiza, jioni mtatazama kioo cheusi. Singo anatosheka na kinachopita hapo kwenye nafasi yake."

"Kumbe," akasema Bi Asmahani, "mashine ni bwana mzee, mnamtafutia mke. Nanyi mnataka kumpa mwali wa feni mbili. Atazimika siku ya fungate, mje mseme amerogwa."

Kijiwe kikaangua kicheko. Omary akapiga honi. "Jamani, mnanunua au mnachumbia?"

"Dabo," Mwenyekiti akatamka polepole, "au Kibondo."

Hilali akazitazama kadi, akamtazama mzee. Akichukua dabo, Mwenyekiti atafurahi mpaka jioni. Akichukua singo, atanuna mpaka jioni. Akaona heri mnuno wa mchana. Akachukua singo, na Omary akaondoka na feni zake mbili kuelekea Manyovu.

"Kwisha habari yako," Mwenyekiti akasema, lakini kahawa hakuiacha.

Hilali aliichomeka ile singo, akafunga bati, likafunga. Akageuza kioo kitazame barazani. Harusi ikaanza. Maximilla akaingia, shela likipepea laini kama maji. Baba mzazi akaingia, akanyanyua mguu.

Kijiwe kikasogea kiooni.

Mguu ukashuka.

"Umeshuka!" Reverien akapiga kofi. "Haleluya, umeshuka!"

Mwenyekiti akajifuta jicho. "Hilali, mwanangu, nilikuwa nakupima tu. Nani amesema Kibondo?"

Video ikaendelea kule ambako haijawahi kufika. Baba mzazi akacheza, akajizungusha, akacheza kinyumenyume mpaka nyuma ya maturubai, kwa mama mmoja wa kitenge cha njano. Akamshika kiuno. Akachovya nyama ya ndafu kwenye pilipili, akamlisha, na kidole kikachelewa kutoka.

Reverien akapunguza redio.

"Mwenyekiti," Bi Asmahani akauliza, macho kwenye birika, "yule mama wa njano ni wa upande wa bwana harusi, au wa upande wako?"

Sylvesta alisogea mpaka sikioni kwa Hilali. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Hivi, mwanangu... haiwezi kukwama tena? Kidogo tu, pale pale pa mguu?"

"Kukwama kwa bahati mbaya kumekwisha, mzee wangu. Sasa kukwamisha ni kazi ya kuagiza."

"Harusi ya Desemba ni yako. Na ya Pasaka. Na mwanangu mdogo akiolewa, utapiga hata posa!"

Reverien alikuwa ameshakunja mkeka na kuweka redio kwapani.

"Unakwenda wapi saa hizi, Bwana Habari?" Bi Asmahani akauliza.

"Kuoga," akajibu, huku akitembea. "Kisha nipite kwa mke wa Mwenyekiti, nimwombe jioni aniwekee kiti cha mbele."