Injini ya Nesi Tabita

Jumatatu, 5 Juni 1978

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Nesi Tabita wa zahanati ameniletea pikipiki ya marehemu baba yake. Ya Kiingereza, silinda moja, kongwe kuliko mimi. Imeteremshwa kwenye lori kutoka Iyula, ilikokuwa imelala ghalani kati ya magunia tangu mzee afariki. Ndani ya ekzosi mna kiota cha panya. Kiki ya kuwashia haishuki hata nikisimama juu yake kwa miguu yote miwili.

Nesi ameeleza kwa upole kwamba amechoka kuwafuata wajawazito kwa miguu. Enesi, wa njia ya Msangano, atajifungua wakati wowote, na mtoto wake wa kwanza alimpoteza. Nikamwambia Ijumaa injini itanguruma.

Mke wangu Mwajuma akauliza kama nimewahi kufungua injini yoyote. Nilikuwa utingo wa lori miaka mingi! Sawa, fundi alifungua, mimi nilishika taa. Lakini niliishika karibu sana.

Jumanne, 6 Juni

Imefunguka! Silinda imetoka kwa nyundo na dua. Ringi za pistoni zimekatika vipande.

Nikavuka mpaka hadi Nakonde, Zambia. Nikamwaga Kibemba changu chote: mulishani, yaani hujambo. Mzee wa duka akafurahi, akanijibu maneno mengi nisiyoyajua, akaniuzia ringi. Ni za pampu ya maji. Haziingii hata kwa hasira.

Hapa Tunduma nzima mwenye ringi ni Osea, fundi mtu wa Itaka, anayekaa nyuma ya kanisa. Ana pikipiki pacha ya hii. Aliifungua kabla ya Azimio la Arusha, hajaifunga mpaka leo. Kila kipande kimelazwa kwenye kitambaa chake kama mgonjwa wodini. Nimwombe Osea? Thubutu! Alitangaza sokoni kwamba mimi natengeneza kwa mdomo.

Nina mpango.

Alhamisi, 8 Juni

Mpango: Mwajuma azungumze na Loisi, mke wa Osea, huku mimi nikizunguka nyuma. Nilijua Mwajuma angekataa, kwa hiyo nikamwambia tunakwenda kumpa Loisi pole ya mafua. Loisi hakuwa na mafua. Hata hivyo wakaanza habari za mbegu za maharage, nami nikapenya bandani kwa Osea. Nikachukua ringi, nikazificha ndani ya kofia, nikaivaa. Nageuka, Osea yuko mlangoni na kikombe cha chai.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

“Ndugu Saidi,” akasema, “umezipima?”

Nikasema hapana.

“Sasa unaiba nini?” Nikavua kofia, nikamrudishia.

Mwajuma alisikia yote. Njia nzima alinitangulia. Nyumbani sufuria ameiweka mezani taratibu, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumapili, 11 Juni

Ijumaa ilipita. Nesi alikuja, akatazama vipande sakafuni, akabeba mkoba wake, akaondoka kwa miguu. Nilitamani anitukane.

Leo, kanisa lilipotoka, Osea akabisha hodi. Suti ya ibada, na ringi kwenye leso! Akasema hakuja kwa ajili yangu. Loisi aliposhikwa na uchungu wa kumzaa Aida, binti yao, baba yake Tabita ndiye aliyembeba mpaka hospitali, kwa pikipiki hii hii.

Anaosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Nati moja anaisugua kama anaiandaa kwa harusi. Mimi nafunga, yeye anafungua nilichofunga. Nilipochoka nikamuuliza kwa nini ya kwake haifungi. Nilitaka kumchoma tu.

“Ikiwa vipande, naweza kuamini itawaka,” akasema. “Nikiifunga isiwake, basi tena.”

Nikampa spana.

Jumatano, 14 Juni

Gasketi ya kuziba silinda tumeikata kwenye boksi la biskuti. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa, ikatema moshi na unyoya wa kile kiota. Halafu ikashika! Du! Du! Du! Vifaranga wa Mwajuma wakatawanyika.

Nesi Tabita akaja mbio kwa kusikia mlio, akaweka kiganja juu ya tangi, akakiacha hapo. Akasema baba yake akirudi, mlio huo ndio uliokuwa ukimwambia mama yake abandike maji ya ugali. Machozi yakamtoka. Osea akawa anafuta mikono ambayo ilikwisha kuwa safi. Mimi pia nilifuta macho. Moshi.

Hatujakaa sawa, akafika Danieli, mume wa Enesi, anahema. Uchungu umeanza. Nesi akafunga mkoba, akapanda, akapotea vumbini.

Jioni karudi. Mtoto wa kike, analia vizuri. Mama mzima. Angetembea, asingewahi.

Sikujisifu hata mara moja. Mwajuma akanigusa paji la uso, kuona kama ninaumwa.

Jumamosi, 17 Juni

Nesi amepita kutusalimu, kaleta ndizi. Pikipiki inakwenda safi. Lakini mimi nimesikia kitu. Tik. Kidogo sana, upande wa kulia. Nesi hakisikii. Mwajuma anasema ni jirani anatwanga. Sikio la fundi ni sikio la fundi! Nikamwomba Nesi aiache kidogo tu wakati anakunywa chai.

Nimeifungua yote. Ndani hamna kitu. Hamna!

Loisi alikuwa akipita, akaona, akamwita mumewe. Osea akaja mbio kunizuia, mikono juu. Akaiona pistoni juani. Akashusha mikono. Akachuchumaa, akaomba kitambaa safi.

Nesi amemaliza chai, ametutazama, ameondoka kwa miguu. Mwajuma amemsindikiza, amembebea mkoba. Nimewapigia kelele wasiende mbali, ni kazi ya dakika chache. Hawakugeuka.

Watashangaa. Maana sasa, Osea akiwa kimya hivi, tik ile naisikia hata injini ikiwa vipande.