Mshigi Asiye na Shavu Jekundu

Wakoli alimwona ndege kabla ya kumwona mwenye ndege. Alikuwa akikatiza mtaa wa Huruma kwa baiskeli yake nyeusi, aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, alipomwona mshigi, ndege mdogo wa buluu, ndani ya tundu lililotundikwa mlangoni mwa Kui, fundi wa nguo.

Dume la mshigi wa kawaida Nairobi ni buluu kifuani, kahawia utosini, na lina doa jekundu shavuni. Huyu hakuwa na doa, na kichwa chote kilikuwa buluu. Wakoli alijua kwamba wa namna hiyo hutoka nyika kavu, huko Kitui, na kwamba Maingi, mfanyabiashara wa ndege Eastleigh, alikuwa akimtafuta kama mgonjwa anavyotafuta dawa.

Kesho yake alirudi na mshigi wa kawaida, aliyemnasa nyasini kando ya mto. Akamwangalia ndege wa Kui, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari aliyezoea misiba.

"Mama, huyu wako ni mgonjwa. Ona shavu lilivyopauka. Mwenye afya ni huyu wangu."

Kui akashika kifua. Akasema amemlea tangu kinda, hawezi kumtoa hivi hivi. Wakoli akamtuliza: wabadilishane, yeye atamtibu. Kui akapangusa macho kwa suruali ya mteja, akakataa tena. Kadiri alivyokataa ndivyo Wakoli alivyozidi kutaka. Mwishowe mama akasema polepole kwamba pengine uchungu ungepungua kama angekuwa na baiskeli ya kupelekea watu nguo zao.

Wakoli akapiga hesabu: kwa bei ya Maingi angenunua mbili. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akamwachia Kui na yule ndege wa mtoni, akaondoka kwa miguu na tundu la mshigi wa buluu, akipiga mluzi.

Eastleigh jua lilikuwa kali. Maingi aliweka kisahani cha maji ndani ya tundu. Ndege akarukia, akaoga kwa raha. Maji yakageuka buluu kama ya kusuuzia mashati ya shule. Utosi ukawa kahawia, na shavuni likachomoza doa jekundu.

"Wewe si wa kwanza kutoka Huruma," Maingi akasema. "Yule fundi hajambo?"

Wakoli akaelekea kituo cha polisi, lakini maelezo yote aliyoyatunga njiani yalianza na kosa lake mwenyewe. Akaketi ukingoni mwa barabara, akafungua mlango wa tundu, ndege aende zake.

Mshigi akamtazama, akabaki ndani. Alikuwa bado hajakauka.