Nilivyowafukuza Akina Kambale

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Florentine, mwimbaji wetu, atachagua seva moja iwe nyumba rasmi ya mashabiki wake. Mtandao huu wa kijamii tunaoutumia hauna bosi mmoja. Kila kundi lina seva yake, sheria zake na msimamizi wake. Wa Butembo ni mimi, mgeni kutoka mbali, Kasaï, niliyeletwa huku na kazi ya serikali. Wa mji jirani wa Beni ni Jephté, mwalimu mwenye tabasamu pana. Ana mashabiki wengi kuliko mimi. Roho inaniuma! Leo Julienne, karani mwenzangu, amesoma utani wa Jephté akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Utani wangu wa Ijumaa hakuuona.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeamka na wazo. Bila shaka Jephté amenipandikizia wapelelezi. Sheria mpya: majina ya utani marufuku, kila mtu aandike jina alilopewa nyumbani. Mwenye hila atajulikana. Mimi si mtu wa kuchezewa.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemnasa! Kambale. Chini yake Kambale. Chini tena Kambale! Picha tofauti, jina lile lile. Hata hakujisumbua kubuni mengine, mvivu huyo. Nimewafukuza wote kabla ya chakula cha mchana. Mmoja alijitambulisha kwa upole kuwa mpiga gitaa, akauliza kosa lake. Nikafuta na swali lake. Sombe ya leo, majani yale yale ya muhogo, ilikuwa tamu ajabu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemsimulia Julienne ushindi wangu. Hakucheka. Akaweka kalamu chini.

"Mais papa Aristote, huku kwetu majina inafuata namna watoto wanazaliwa: mutoto mwanaume wa pili njo Kambale. Kila nyumba iko naye."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema baba yake ni Kambale, kaka yake ni Kambale, na bosi wetu pia. Kisha akauliza, polepole, kama nilimwona Kambale wa mtaa wa Rughenda, mdogo wake Florentine, mpiga gitaa. Dada yake alimtuma akague makundi.

Sikumaliza chai.

Ijumaa, 10 Oktoba
Florentine amechagua Beni. Kwenye mtandao huu mtu anahama na wafuasi wake, na akina Kambale wamehama. Nyuma yao wake zao, shemeji zao, kwaya nzima. Jephté amewapokea kwa wimbo. Wimbo! Julienne naye kahama, ameniaga kwa heshima. Kwangu tumebaki wawili, na wa pili ni mimi vilevile, akaunti ya akiba.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya misa nimejiunga Beni kwa siri. Jina nililojiandikisha: Kambale. Jephté amenikaribisha vizuri, akasema watu wamekuwa wengi, anahitaji msaidizi wa kusimamia. Nikajitolea, akakubali. Kiti chake kiko karibu! Nimeanza kazi mara moja, na nimegundua jambo ambalo mwalimu yule hajaliona. Humu kuna Kasereka wengi mno. Mtu mmoja huyo. Kesho asubuhi nawatoa wote.