Kanda ya Mbarara

Jumatatu, 3 Novemba

Tangu Ijumaa nina sauti moja tu masikioni: mluzi wa Évode kati ya maboksi ya ghala letu la Masoro. Mistari miwili, kimya, kisha buti zake. Nimeuchambua siku tatu. Una huzuni. Una nafasi ya mtu wa pili.

Leo nimegundua ni wimbo gani. Ni muziki wa kantri wa zamani, wa mapenzi, mtu anamngoja msichana langoni. Évode hukusanya kila aliyeurekodi. Amefikisha waimbaji kumi na wanane, pamoja na kwaya moja ya Mwanza iliyomweka Yesu mahali pa msichana.

Jumanne, 4 Novemba

Ingrid wa uhasibu amemletea wa kumi na tisa, rumba kutoka Bukavu. Évode akamwita malaika. Ingrid, asiyejua hata ubeti wa pili!

Nikasikia mdomo wangu ukisema Baba ana kanda ya bendi ya Mbarara, wimbo huohuo, nakala ya pekee. Évode akaweka kikombe chini. Akauliza aje lini. Nikasema Jumapili.

Baba hana kanda yoyote. Ana redio na maoni.

Ijumaa, 7 Novemba

Mpango: Jumapili wazazi huwa kanisani hadi saa nane. Évode atafika saa sita. Nitasema Baba ameondoka na ufunguo wa kabati. Chai, mazungumzo mazito, kanda itasahaulika. Nimeukagua mara nne. Hauna tundu.

Jioni Évode akasema atakuja na mjomba wake, Jean-Bosco, aliyekulia Uganda na anayeupenda wimbo huo. Tundu dogo.

Jumapili, 9 Novemba

Mhubiri ameugua. Ibada ikaisha saa tano. Wageni walipobisha, Baba mwenyewe ndiye aliyefungua.

Mjomba alivaa suti, maana haendi ugenini bila suti, na alibeba kreti ya Fanta, maana haendi mikono mitupu. Baba akatazama: mzee, suti, kreti, kijana mwenye haya. Akahitimisha kama baba yeyote hapa Ndera. Wamekuja gufata irembo, kufungua njia ya posa.

Akawakaribisha, akaketi wima, akatangaza kwamba anasikitika, binti wa nyumba hii ameshaombwa na watu wa maana kuliko hawa. Ndivyo desturi inavyotaka posa ianze, kwa kukataliwa.

Mjomba angeweza kusema amefuata kanda. Lakini Mjomba amekuwa msemaji wa harusi miaka ishirini. Alivumilia sekunde tatu. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema hao watu wa maana ni binamu zake, amewapita njiani, wamemwachia zamu. Baba akauliza mbona kijana mwembamba hivi, kwao hawapiki? Mjomba akajibu wanapika sana, ila kijana hali chakula, anamwaza binti. Wakaendelea hivyo saa nzima. Mama akapiga vigelegele. Évode akawa rangi ya Fanta.

Ikafika zamu ya kumtaja binti. Mjomba akaniinamia, akaniuliza kwa kunong'ona ninaitwa nani.

Ndipo Évode akasema ukweli: wamekuja kwa ajili ya kanda. Wote wakamgeukia Baba. Baba akanitazama mimi, akamtazama Évode, akaitazama kreti. Akasema kwa utulivu kwamba kanda ipo, ila imeazimwa, na kwamba mimi, Kaliza, ndiye ninayejua aliyeiazima.

Nikasema shangazi, wa Kampala.

Baba na Mjomba wakauimba wimbo wote, kila mmoja kwa toleo lake. Évode akaniambia hajawahi kucheka hivi, na kwamba Jumamosi hana kazi. Je, shangazi hupokea wageni?

Jumatatu, 10 Novemba

Nimetafakari sana. Uongo humchosha mtu na kuwasumbua wazee. Sitadanganya tena.

Mchana nilipita kituo cha mabasi cha Nyabugogo nikakata tiketi mbili za Kampala. Shangazi huko sina. Nina Scovia, tuliyesoma naye chuo, umri miaka ishirini na sita. Nimeshamtumia miwani ya Mama kwa basi la saa tisa, pamoja na maelekezo ya kuzeeka.