Haiumi Hata Kidogo

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Asubuhi manyunyu, kisha jua la kudanganya, kisha manyunyu tena. Gego la chini kushoto limeamka kabla yangu. Mwezi mzima limekuwa likilalamika kiungwana. Leo linapwita.

Niandike wazi, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mimi ni mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno. Kazi yangu ni kupanga foleni na kuwaambia watu kwamba haiumi. Naisema vizuri sana. Kichwa upande kidogo, sauti chini, tabasamu: haiumi hata kidogo. Wanaume wenye vifua kama makabati wameinuka wakaingia ndani kwa sentensi hiyo. Mimi mwenyewe sijawahi kukaa kwenye kile kiti. Mashine ikianza kulia huko ndani, najifanya natafuta faili chini ya meza. Faili hazikai chini ya meza.

Nikimwambia Daktari jino linauma, atanikalisha. Nitapiga kelele. Foleni nzima itasikia. Baada ya hapo nani ataniamini?

Kwenye kikao cha asubuhi Daktari ametangaza mhadhara. Ijumaa, kiwanda cha kushona sare. Mada: hatari za kujing'olea jino nyumbani. Amesema amechoka kupokea watu waliojichokonoa. Atakayezungumza vizuri atapewa kazi ya elimu kwa umma moja kwa moja, pamoja na kile chumba cha nyuma chenye dirisha. Nimenyoosha mkono. Kalenda naye amenyoosha.

Kalenda ni msaidizi mpya wa Daktari. Jina nimempa mimi, kimoyomoyo, kwa sababu meno yake ni kama ya yule mwanamke wa kwenye kalenda ya dawa ya meno. Hucheka hata pasipo jambo, ilimradi yaonekane. Daktari ameamua nianze mimi, kwa kuwa ni mkongwe. Nikivurunda, Kalenda atashika. Kalenda akasema ananiombea. Najua maombi ya namna ile.

Basi jino litoke kabla ya Ijumaa. Kimya kimya.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Mawingu. Mpango wa kwanza: kliniki ya upande wa pili wa mji, ambako hawanijui. Niliomba ruhusa, nikasema shangazi yangu ameteguka mguu. Naishi na shangazi. Mguu wake ni mzima kuliko wangu, ambao una ukucha uliozama nyamani. Nilivaa miwani ya jua na mtandio wake mzuri. Nikajiandikisha kwa jina la mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari, ili kama kuna aibu imwendee yeye.

Nikakaa. Ndani mashine ikalia. Nikainama kutafuta faili. Hapakuwa na meza, nilikuwa naangalia viatu vya watu. Mpokea wagonjwa, binti wa kucha ndefu, akaniona natetemeka. Akainamisha kichwa upande. Akashusha sauti. Akatabasamu.

"Haiumi hata kidogo, mama."

Nilikuwa mlangoni kabla hajamaliza. Naujua uongo huo. Ni wangu!

Mtandio umebaki kwenye kiti. Shangazi amevua meno yake ya bandia, ameyatia kwenye glasi juu ya friji na kuigeuza glasi ili yanitazame nikila.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Jua kali. Mpango wa pili, na huu ni wa kitaalamu. Nimewaza kwa utulivu. Wanaojing'oa nyumbani huharibikiwa kwa sababu hawajui wafanyalo. Mimi nimemaliza kidato cha nne, na bango la hatari lililo ukutani pale kliniki nimelichapa kwa mikono yangu. Nani anaijua hatari kuliko aliyeichapa?

Nikaazima koleo kwa jirani, fundi baiskeli. Akauliza la kazi gani. Nikasema kuna msumari. Akauliza uko wapi huo msumari, aje autoe yeye. Nikagundua nimeshika shavu. Nikamwambia ni msumari wa siri.

Nilipotoka kazini nikalichemsha koleo, maana usafi kwanza. Nikaenda kwenye kioo kufanya mazoezi ya kupanua mdomo. Mazoezi yakanoga. Maji yakakauka. Vishikio vya plastiki vikayeyuka na kugandana na sufuria ya chai. Shangazi akauliza kutoka sebuleni leo tunapika nini, mbona harufu ya ndala.

Nikabandua koleo kwa kisu. Nikalizungushia kitambaa. Nikatafuna karafuu mpaka nusu ya ulimi ikafa. Shangazi ndiye wa kushika tochi. Kwanza alikataa, kwa sababu ya mtandio. Kisha akakubali, kwa kuwa redioni hakukuwa na la maana. Alisimama na tochi yake akitoa amri. Nikaze mkono. Nisilibembeleze, hilo si mchumba. Nivute kama ninavyovuta blanketi kila asubuhi nisiamke.

Nikavuta.

Mlio! Haukutoka mdomoni, ulitoka ndani ya kichwa, kama kijiti kikavu kikivunjwa chini ya blanketi. Nikaangalia koleo. Nusu ya jino. Nusu nyingine imebaki kwake, na imekasirika. Jino kukatika na mizizi kubaki ndani: hiyo ni hatari ya kwanza kwenye bango. Nakumbuka niliiwekea herufi nzito.

Damu, bakuli zima. Shangazi akazima tochi, akasema bora asione. Nimebana kitambaa hadi taya ikachoka. Ukilitazama jambo kwa haki, nimefaulu kwa asilimia hamsini.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Hali ya hewa siijui. Sikuthubutu kufungua dirisha. Shavu limeamka likiwa la mtu mwingine, mtu mnene.

Nimekwenda kazini nimejifunga kitambaa cha shingo mpaka puani. Nikasema mafua. Mgonjwa wa kwanza, dereva wa lori, akauliza kama inauma. Nikainamisha kichwa upande kwa mazoea, nikaona nyota. Sentensi yangu ikatoka kama ya mtu anayesemea ndani ya mto. Dereva akanitazama machoni, akaomba samahani, akaondoka.

Kalenda akaniletea chai ya moto bila kuombwa. Akasimama pale kuona nitainywea upande gani. Nikainywa yote. Machozi nilimwambia ni ya shukrani.

Jioni homa. Shangazi akaniwekea mkono shavuni, akasema hapo pangeweza kunyoosha sare za kiwanda kizima. Kisha akaacha mzaha. Akataka niende kwa Daktari usiku huu huu, na yeye atanisindikiza. Nikamwambia kesho nitashinda na Daktari kuanzia asubuhi. Sijasema uongo. Akasema, mwanangu, kichwa chako kigumu kuliko hilo jino, maana jino angalau limevunjika.

Dirisha lile linatazama bustani. Sitamwachia Kalenda.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Mvua kubwa alfajiri, kisha mwanga safi. Naandika kwa taabu, lakini naandika.

Kiwandani cherehani zilikuwa zimezimwa. Wanawake wamekaa juu ya marobota ya vitambaa. Daktari mstari wa mbele. Kalenda kando yake, na nakala ya hotuba yangu magotini. Kulikuwa na joto. Nikavua kitambaa cha shingo. Watu wote wakaguna kwa pamoja.

Nikaanza. Sikuhitaji karatasi. Mizizi kubaki ndani: nikaonyesha shavu. Kuvuja damu: nikaonyesha madoa kwenye kola. Vijidudu kuingia kwenye kidonda na kuleta homa: nikajifuta jasho. Hatari zote nilikuja nazo! Wakapiga makofi. Mshonaji mmoja mwenye futi ya kupimia shingoni akamwambia mwenzake kwa sauti kwamba huyu mama kajaza pamba, lakini kajaza kwa ustadi. Daktari alikuwa anatabasamu kwa fahari. Kalenda alikuwa amefunga mdomo, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nikaliona dirisha. Nikaliona hata pazia nitakaloliweka.

Nikafika hatari ya mwisho: uvimbe kushuka shingoni, mdomo kushindwa kufunguka, pumzi kubanwa. Hapo mdomo wangu ukashindwa kufunguka. Nikajaribu tena. Hata kidole hakipiti. Mate hayamezeki. Nikasimama tu. Wakapiga makofi tena, wengine wamesimama.

Daktari akaja mbele, akaninong'oneza.

"Imetosha, usiigize zaidi. Malizia."

"Siigizi, Daktari," nikasema kupitia meno yaliyobanana.

Tabasamu likamtoka. Akaweka vidole chini ya taya yangu, akabonyeza. Akamwambia Kalenda akimbie akafungue gari.

Kiti. Ndiyo, kiti kile kile. Daktari alizungumza kwa upole, ambao ni mbaya kuliko ukali. Alisema uvimbe umeshaanza safari ya kwenda shingoni, na kwamba mtu akiuacha hivyo mpaka Jumatatu anaweza kukosa hewa akiwa amelala. Nikamwonea huruma sana mtu huyo. Halafu nikakumbuka ni mimi.

Kalenda akanishika mkono. Akainamisha kichwa upande.

"Haiumi hata kidogo, dada."

Kama mdomo ungefunguka ningemng'ata. Sindano ikachoma kama mbu mwenye kinyongo. Ganzi ikaingia, taya ikalegea. Nikafumba macho kuyasubiri maumivu. Nikasubiri. Nikasubiri sana. Nilipofumbua, Daktari alikuwa ananionyesha trei. Mizizi yote, na usaha wake.

Haikuuma! Miaka yote hii nimekuwa nikisema kweli bila kujua.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Jua la upole, upepo kidogo. Shavu linarudi kuwa langu. Dawa nameza kwa saa zake.

Daktari alipita jana kuniangalia. Shangazi alivaa meno kwa heshima yake, akamsimulia yote: tochi, sufuria, mtandio, hata mguu wake ulioteguka. Daktari akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa uamuzi. Mihadhara atatoa Kalenda. Lakini kiwanda kimepiga simu kusema somo lile halitasahaulika, kwa hiyo nami nitakwenda. Nitakaa kwenye kiti, mbele. Kalenda akifika mahali pa mizizi, nitafungua mdomo. Picha ya shavu langu itawekwa kwenye bango jipya. Niliomba waweke upande wa kulia, ndio mzuri. Akasema upande wa kulia hauna kosa.

Chumba chenye dirisha ni cha Kalenda. Amesema naruhusiwa kuja kutazama bustani.

Nimeapa. Sitagusa tena jino langu, wala la mtu. Nimemwapia Daktari, nimemwapia shangazi, nimeyaapia na yaliyo kwenye glasi.

Ukucha ni jambo jingine. Tangu Ijumaa, baada ya kusimama muda wote ule kiwandani, kidole gumba kimekuwa chekundu. Daktari wa miguu yupo mjini, lakini mpokea wagonjwa wake simjui, na siwezi kujua kama yeye husema kweli. Tena nimelipitia bango lote, mstari kwa mstari. Halitaji miguu popote.

Fundi baiskeli amelitia koleo lake vishikio vipya. Nimemwambia umejitokeza msumari mwingine. Safari hii sitaondoka jikoni, nitayakodolea maji macho mpaka yachemke. Shangazi amenunua betri za tochi. Kesho, nikitoka kazini.

Saa nne na robo usiku. Nalala.

Saa tano na nusu. Kidole kinapwita. Sasa nalala kweli.