Jioni ya Kiingereza na Posa ya Mulongo

Soy,
Jumatatu asubuhi (asubuhi ya kweli, jua limeshatoka)

Kwa Mwalimu Opondo,
Mhadhiri wa Kiingereza na, Mungu akipenda, mkwe wangu,
Kapsoya, Eldoret.

KUH: JIONI ILIYOTUHARIBIA POSA

Mheshimiwa Mwalimu,

Pokea salamu zetu. Huku sisi wazima, mahindi yamefika magotini, ila kijana wangu Mulongo halali wala hali. Tangu Jumamosi anashinda nyuma ya zizi la ng'ombe akiwaza kama bado atamwoa binti yako Adoyo. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Sikulaumu wewe hata kidogo. Nalaumu Kiingereza unachofundisha, na kwa kuwa chenyewe hakina anwani, nakuandikia wewe.

1. Meseji yako ilisema tuje kuposa Jumamosi "evening". Tukamwuliza mke wa pasta, akasema hiyo ni jioni. Basi! Kwetu jioni ni saa kumi: ng'ombe wanarudi kukamuliwa, chai iko jikoni. Saa kumi tukawa langoni kwako, wazee wote kwa suti, Mulongo mbele amebeba kreti ya soda. Hakuna aliyetutarajia. Kijana akazunguka nyuma ya nyumba kutafuta pa kuiweka soda, akakutana ana kwa ana na mke wako, Mama Perez, katika hali ambayo kalamu ya mzee wa kanisa haina ruhusa kuitaja. Mwalimu, wewe ni Mjaluo, mimi ni Mluhya, lakini kwa jambo hili mila zetu ni ndugu. Kijana hamwoni mama mkwe vile. Hata akiwa amevaa koti na kofia wanapishana kwa mbali! Mama akajifungia chumbani, hakutoka mpaka tulipoondoka. Sasa wazee wangu wanasema posa imeingia nuksi.

2. Ukatueleza, kwa upole nakiri, kwamba "evening" ya wenyewe huanza mtu akishaoga na kuvaa shati safi, na yaweza kuendelea gizani mpaka saa tatu. Giza totoro, na bado ni jioni? Haya. Dada yangu Nanzala, shangazi yake Mulongo na ndiye msemaji wetu, alichelewa akafika kwako saa mbili. Akaona ni usiku kama mtu yeyote mwenye macho, akasimama mlangoni akasalimu kwa heshima zote: "Good night!" Kumbe hiyo ni ya kuaga! Vijana wako, wenye adabu kweli, wakainuka wakamsindikiza mpaka barabarani, wakamfungia chapati, wakamtafutia na boda boda ya kumpeleka steji. Msemaji wetu akarudi Soy kabla hajakalia kiti. Mpaka leo hasemi na mimi.

3. Adoyo ameniambia kwamba saa nane ya usiku Mwingereza huiita "morning". Asubuhi gani hiyo ambayo jogoo mwenyewe hana habari nayo? Mwanzo wa usiku wameupa jioni, mwisho wake wameupa asubuhi. Nashuku hawa watu hawana usiku kabisa, wana neno la kuagana tu. Nawaonea huruma.

4. Kwa hivyo naomba Kiingereza kisimamishwe katika mambo yote ya ukwe, Uasin Gishu nzima, mpaka wenyewe waje watuonyeshe mpaka wa "evening" na "night", tena wameupiga rangi nyeupe kama mstari wa barabara.

5. Kama hilo ni gumu, basi tufuate hesabu yako mwenyewe. Ulisema wageni watafika "evening". Saa kumi, kwa kauli yako, "evening" ilikuwa haijafika. Kama haijafika, wageni walikuwa hawajafika. Kama wageni hawajafika, Mulongo hakuwa kwako. Na mtu ambaye hakuwepo ameona nini? Hakuona kitu! Mama Perez hakuonwa na mtu, nuksi haipo, na posa ni safi. Wazee wangu wamelikubali hili kwa kauli moja, limebaki neno lako. Tafadhali, Mwalimu. Adoyo nampenda kama mwanangu wa kumzaa, na huyu Mulongo wangu, tusidanganyane, hatapata mwingine wa kumvumilia.

Nisalimie Mama Perez kupitia mlangoni, Adoyo, wale vijana wa kusindikiza, jirani aliyetuazima viti, na hata mbwa wenu aliyenusa suti zetu moja moja.

Ni mimi, nikingoja jibu kwa lugha yoyote yenye usiku,

Mzee Eliakim Kituyi

N.B. Jumamosi ijayo ni zamu yenu kuja kwetu. Saa siwatajii, mkwe hapangiwi saa kama mgonjwa wa kliniki. Njooni jioni tu. Mulongo ameisoma barua hii na kuikubali yote. Anauliza tu kama kidole cha Mama Perez kimepona pale alipojikwaa kwenye ndoo, na anamwomba asiitupe ile petikoti ya maua kwa sababu ya matope. Anasema matope yatatoka, maana ile ya Adoyo ni ya kitambaa hicho hicho, na yake yalitoka.