Gari la Marehemu Baba, Ambalo Kwa Kweli ni Fanicha

Kwa Baba Mkubwa,
Msimamizi wa Mirathi ya Ndugu Yako,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua kuvimba. Mimi mwili mzima, moyo ndio wenye kesi. Nakuletea kesi hiyo kwa maandishi kwa sababu nilipoileta kwa mdomo ulisinzia.

Wewe ndiye uliyeketi kando ya kitanda cha Baba aliposema gari apewe mkubwa, fanicha apewe mdogo. Wosia huo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kaka yangu, fundi makanika, anayeshikilia kwamba kile kitu cha kizamani kilichomo bandani ni gari. Mimi ni seremala, nimekikagua kwa mikono yangu, na matokeo ni haya:

1. Bodi ni ya mbao. Watu wakiona bati lililopakwa rangi wanadhani ni chuma kitupu, kumbe bati lile limepigiliwa misumari midogo juu ya fremu ya mbao ngumu, iliyochomekwa na kutiwa gundi kama kabati lolote. Enzi zile kazi hiyo ilikuwa ya maseremala. Makanika aliitwa mwishoni, kama anavyoitwa fundi bomba.

2. Kiti cha nyuma ni kochi. Kina springi, kimejazwa manyoya ya farasi na kuvikwa ngozi yenye vifungo. Baba alilala pale kila mchana akishakula, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayelala ndani ya mashine.

3. Paa. Hapa ndipo panaponiuma. Ni turubai lililotandazwa juu ya mbavu za mbao zilizopindwa kwa mvuke, zinazokunjuka na kukunjika kwa bawaba, kisha likavutwa mbele kwa mikanda ya ngozi. Kitu kinachofunguliwa mvua ikija na kukunjwa ikiisha ni mwavuli. Kaka anataka kuling'oa lote aweke bati la kudumu, eti turubai linavuja. Niliposikia hivyo nilitokwa na machozi mbele ya wateja, na sioni aibu kukuambia.

4. Kaka alijitapa kwamba fanicha haina magurudumu. Nilimwomba ainame kidogo atazame. Spoki zote ni mbao.

5. Kwa hiyo kilichobaki ni chake: injini, tangi la mafuta na honi. Usukani bado una utata, maana duara ni mbao na mti wake ni chuma. Niko tayari kumwachia mti. Injini nilimtolea uani kwa msaada wa majirani wenye mabega, nikaiweka juu ya matofali kwa heshima zote. Hakushukuru.

6. Sasa sikia kosa lenyewe. Nikiwa karakana, kaka alikuja kwangu na mkokoteni akabeba kabati la vyombo, kwa hoja kwamba lina magurudumu manne na linasukumwa, hivyo ni gari. Kwa hoja hiyo hiyo akabeba na kitanda cha mtoto. Mke wangu, badala ya kumzuia, alimsaidia kutoa sahani, huku akisema mkuki kwa nguruwe mtamu. Mtoto tunalala naye katikati, na sahani ziko sakafuni. Baba Mkubwa, mtu hawezi kuamua tu kwamba kitu fulani ni gari kwa sababu ya magurudumu. Huko ni kuchezea maneno ya marehemu.

Naomba utamke rasmi kwamba kitu kile ni fanicha, na kwamba kaka asikanyage bandani wala kuligusa paa lile maisha yake yote. Uamuzi wako nitaupokea kwa mikono miwili, mradi uwe upande wangu.

Nisalimie Mama Mkubwa, shangazi, wajukuu wote, na jirani anayekusomea barua. Namba tatu aisome polepole.

Mwanao mtiifu,
Seremala

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, nilikisukuma kitu kile nje nikipige vanishi, mvua ikanishukia. Nikainua paa upande mmoja, upande wa pili ukajifunga. Nikakimbilia wa pili, wa kwanza ukanibana kidole. Kochi likaanza kulowa. Kaka alikuwa uani amekuja kuifuata injini yake. Akaiacha hapo hapo kwenye mvua, akashika upande wa pili, tukainua pamoja. Paa lile halitaki mtu mmoja. Ndiyo kwanza naelewa kwa nini Baba hakuwahi kutoka bila wewe.

Tulikaa ndani mpaka mvua ikakatika. Linavuja kweli, lakini kaka amesema turubai litashonwa, bati basi. Jumapili tunairudisha injini mahali pake. Ikiwaka tutakuja kukuchukua kwa gari, na wewe utakaa nyuma.